Harufu Aliyoifua Dobi

Hebu mtazame kwanza anavyofika, ndipo tuendelee. Ni saa nne ya asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Mama mfupi, mabega mapana, anakata kona ya uchochoro na furushi la nguo chafu kichwani, jingine kalibana kwapani. Mkono uliobaki huru unafungua komeo la mlango bila macho kuusaidia. Mtu mwingine angeingia moja kwa moja, atue mzigo, avute pumzi. Yeye haingii. Anasimama kizingitini, shingo imekaza chini ya furushi, ananusa. Anageuza uso kushoto, kwenye mwimo wa mlango, ananusa tena. Kisha anasema peke yake, kwa sauti ya mtu aliyeletewa barua asiyoitaka:

"Amekuja tena."

Mtaa mzima unamwita Dobi, na hata yeye akijitambulisha husema Dobi, kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anafua na kupiga pasi nguo za watu: sare za wauguzi, mashati ya walimu, suti za maharusi zinazokuja na keki kwenye kola. Pua yake ndiyo mtaji wake. Akilishika shati lako anajua ulikaa jirani na mvuta sigara, anajua ulikaanga vitunguu, na pengine anajua ule usiku hukulala kwako. Ila mdomo wake una kufuli, na ndiyo maana wateja hawamhami.

Harufu ya asubuhi ile haikuwa ya nguo. Ilikuwa ya mkojo wa paka dume, kali, ya kukata pua, na Dobi alijua ni wa nani na unaleta nini. Hakupiga hodi, hakusalimu. Alibwaga mafurushi yote mawili mlangoni akakimbilia ndani.

Baba yake alikuwa kwenye kiti chake chini ya dirisha, palepale alipomwacha. Ila mkono wa kushoto ulikuwa umeushika wa kulia, na kati ya vidole damu ilikuwa inapita taratibu, inafuata mguu wa kiti, imeshafanya kidimbwi sakafuni. Mzee hakuwa analia wala kuguna. Alimtazama binti yake kwa aibu, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Baba! Tangu saa ngapi?"

Mzee akafungua mdomo. Neno likagoma.

Chini ya meza ya kupigia pasi kulikuwa na macho mawili ya kijani na mkia uliovimba kama brashi ya kusugulia chupa.

Dobi akachomoa taulo safi kwenye rundo la mteja, bila kufikiri mara mbili, akabana. Akabana dakika kumi, akainua ncha kidogo, damu ikaja. Akabana tena. Tangu apigwe kiharusi, mzee anameza dawa za kuzuia damu isigande. Mkwaruzo ambao wewe ungeupuliza ukaendelea na shughuli zako, kwake ni bomba lililopasuka. Na ngozi yenyewe imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilipita saa nzima na ushee ndipo taulo likaacha kuloa, na muda wote huo Dobi alikuwa amepiga magoti, anahesabu pumzi za baba yake na kusikiliza kama kuna kitu kinatembea nje ya dirisha.

Sasa tuwajue hao paka wawili, maana bila wao hakuna kisa.

Wa ndani anaitwa Mkurugenzi. Ni wa kijivu na mweupe, kahasiwa tangu mdogo, tumbo linatangulia. Jina hilo alipewa kwa sababu hafanyi kazi yoyote, hakai ila kwenye kiti, na akipita kila mtu anapisha. Lakini msimcheke haraka. Mzee alipotoka hospitali alikaa miezi minne bila kutoa neno. Daktari alisema pengine sauti itarudi, pengine hairudi. Siku moja Dobi akamwinua kumpeleka msalani, na waliporudi wakamkuta Mkurugenzi kajitandaza kwenye kiti cha mwenyewe, miguu juu. Mzee akamkazia macho. "Toka," akasema.

Neno hilo lilimkuta Dobi kashika pasi. Pasi ikabaki juu ya sketi ya muuguzi, sketi ikaungua umbo la pasi kamili, na Dobi akawa anacheka huku machozi yanamtoka. Tangu siku ile maneno yakaanza kurudi moja moja, na mengi yalikuwa ya kumwambia paka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija kila wiki alimtazama mzee akimpapasa Mkurugenzi kwa ule mkono wa kulia uliokuwa umekufa, akasema, "Ule mpira niliowaletea wa kuminya, wapeni watoto. Dawa yake ni huyu."

Wa nje anaitwa Kibarua. Wa njano, sikio moja limechanika, shingo nene ya dume aliyezoea ngumi. Alitokea mwezi ule nyumba za mwisho wa mtaa zilipobomolewa. Kila asubuhi anafika mapema, anazungukazunguka mlangoni, anasubiri kuona kama leo kuna chochote. Ndiyo maana ya Kibarua. Shida ni kwamba akishasubiri, anaruka kwenye ukingo wa dirisha, anaweka uso wake kwenye nondo, na Mkurugenzi aliye ndani anamwona. Hapo huanza ukelele wa kupasua masikio. Mmoja nje, mmoja ndani, nondo katikati. Mkurugenzi hana jinsi ya kumfikia adui yake, hasira zimempanda mpaka kwenye nywele za mkia, basi anamgeukia yeyote aliye karibu. Na aliye karibu na dirisha lile ni mtu mmoja tu, siku zote.

*

Kaka mkubwa alifika adhuhuri. Ni msimamizi wa ghala la nafaka, mtu mrefu mwenye vumbi la mahindi kwenye nyusi. Alimwamkia baba yake, akaufunua mkono, akautazama, akaufunika. Kisha akamwita mdogo wake uani, penye kamba za nguo.

"Mara ya ngapi hii?"

"Ya pili."

"Mdogo wangu, mimi nimekulea. Ya ngapi?"

Dobi akawa anakung'uta shuka ambalo lilikuwa limeshakung'utwa. "Ya nne."

"Ya nne! Na mimi nikipiga simu unaniambia wote wazima, salama salimini."

"Si ndiyo wazima?"

"Unataka nimbebe tena mgongoni? Ile siku ya kiharusi nilimbeba kutoka hapa mpaka barabarani, mate yake yananitiririkia shingoni, sijui kama nimebeba baba au maiti. Sitaki kurudia." Akapangusa shingo kwa kiganja. "Huyo Mkurugenzi wako anahamishwa kituo cha kazi. Anakuja ghalani. Panya wamejaa tele."

"Yule paka wenu wa mwanzo si alikufa kwa kula panya aliyekula sumu?"

Kaka akageukia kamba za nguo. "Mwezi huu hatujaweka sumu."

"Mwezi huu."

"Basi unataka nifanye nini?"

"Nipe muda. Wao wanagombana, hawamchukii Baba. Nikimaliza ugomvi wao, mkono wa Baba utapona."

Kaka akacheka bila furaha. "Watu wazima wa mtaa huu hujawapatanisha, utapatanisha paka?" Lakini alikuwa hajawahi kumshinda mdogo wake kwa maneno, na alilijua hilo. "Wiki tatu. Jumamosi ya tatu nakuja na kikapu. Nikikuta kidonda kipya, hata kidogo, sitauliza mtu."

Dobi hakulala vizuri tena kuanzia hapo. Ndani ya zile wiki tatu, paka akikanyaga bati, alikuwa anakimbilia dirishani. Mlango ukilia, anaacha maji yanamwagika.

*

Alichokifanya kwanza ni kile anachokijua. Alifua.

Na alifua, jamani! Alifua kitambaa cha kiti cha mzee, mito, mapazia, mkeka, na lile blanketi chakavu analolalia Mkurugenzi. Alisugua mwimo wa mlango kwa dawa ya madoa. Alisugua miguu ya meza, pembe za kabati, ukuta chini ya dirisha, kote ambako pua yake ilimwambia paka amepita. Shati na shuka la mzee alivifua mara mbili kwa sabuni ya maua. Alipomaliza, akamkamata na Mkurugenzi mwenyewe, akamtia kwenye beseni, akamwosha. Mikono yake ilitoka na mistari miekundu mpaka kwenye viwiko, lakini jioni ile nyumba ilinukia kama duka la manukato. Akasimama katikati ya chumba, ameridhika. Vita akadhani kavimaliza.

Kesho yake asubuhi Mkurugenzi aliingia sebuleni akitambaa, tumbo linagusa sakafu, kama mwizi kwenye nyumba ya watu. Akanusa mguu wa meza, akaurudia. Akanusa kiti. Akafika kwa mzee, akanusa magoti yake, na mzee akanyoosha ule mkono wa kulia wenye bandeji kumpapasa.

Mkurugenzi akamfokea.

Hakumkwaruza, lakini aliyaonyesha meno yote, akarudi kinyumenyume, akajibana nyuma ya kabati. Na Kibarua hakuwepo kabisa dirishani. Mzee alibaki kanyoosha mkono hewani. Siku ile nzima hakusema neno, na siku iliyofuata pia hakusema.

Dobi akasimama na sabuni mkononi. Kumbe anaharibu? Akafunga kibanda cha kazi mchana kweupe, jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi ya mama yake, akaenda kwa daktari wa mifugo.

*

Daktari wa mifugo ni mwanamke mwembamba, ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Dobi alimkuta kamkumbatia jogoo, anamkagua koo.

"Endelea tu kusema, mama, nasikia. Huyu ndiye asiyesikia."

Dobi akasimulia yote: Kibarua, dirisha, mkono wa baba yake, wiki tatu za kaka yake. Alipofika kwenye kufua akaongeza sauti kidogo, maana hapo ndipo alipojiona amefanya la maana.

Daktari akamweka jogoo chini. "Umefua blanketi lake?"

"Nimefua."

"Na kiti?"

"Na kiti, daktari. Na mapazia. Na pembe za kabati."

"Na yeye mwenyewe?"

"Kwa sabuni ya maua."

Daktari akaangua kicheko, kisha akamwona uso, akakiacha kicheko njiani. "Samahani, mama. Sikucheki wewe. Nimetibu paka miaka kumi na moja, sijawahi kuona mtu aliyefuta kila kitu namna hiyo. Mwingine angeacha walau kona moja, kwa uvivu." Akavuta kiti. "Sikiliza. Umeona paka anavyosugua mashavu kwenye mguu wa meza, kwenye goti la mzee?"

"Kila siku. Ndiyo maana pananuka."

"Pananuka yeye. Hapo anaandika: hapa kwangu, hapa kwangu, huyu mzee wangu. Anaandika kila siku ili akiamka asome, moyo utulie. Mgeni kaja dirishani, roho iko juu, anatafuta maandishi yake ajipe moyo. Anakuta ukurasa mweupe. Anamnusa mzee, mzee ananuka maua. Kwa macho ni yeye, kwa pua ni mtu mwingine. Wewe ungefanyaje?"

Dobi akaitazama mikono yake. Miaka ishirini na mbili alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba kuna kitu kiliharibika kwa sababu alikifua vizuri.

"Ninaweza kuirudisha?" akauliza mwishoni.

"Wewe huwezi. Yeye ataandika upya, ukimwacha. Kazi yako ni kutofua." Daktari akaanza kumpa masharti, na Dobi akawa anayarudia kwa midomo ili asisahau. Sehemu ya chini ya dirisha izibwe, wasionane. Mkojo wa yule wa nje usafishwe, lakini ule tu, na kwa maji ya siki, siyo dawa ya kunukia. Yule dume aletwe ahasiwe, maana dume mzima hawezi kuacha kutafuta mipaka. Kisha wajuane kwa pua kabla ya macho: kitambaa cha huyu kwa yule, cha yule kwa huyu, penye chakula. Kisha wale pande mbili za mlango. Wakipigana, asiingize mkono, atumie mto au ubao.

"Itachukua muda gani?"

"Mwezi. Miwili. Wengine hawapatani, wanavumiliana tu, nayo inatosha."

"Nina siku kumi na saba."

Daktari akamtazama. "Basi anza leo. Na mama, hiyo pua yako, ipe likizo."

*

Kumkamata Kibarua kulichukua siku tatu kati ya hizo. Dobi alitega tenga kubwa la nguo uani, akaliinua upande mmoja kwa fimbo ya kuinulia kamba, akaifunga fimbo uzi mrefu, akaweka vichwa vya samaki kwa ndani kabisa. Mwenyewe akajificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, uzi mkononi. Siku ya kwanza Kibarua alikula mguu ndani mguu nje, macho kwenye mashuka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu aliingia mzima. Dobi akavuta, tenga likaanguka, Kibarua akapiga yowe ndani, Mkurugenzi akajibu yowe sebuleni, mzee naye akaita kitu kisichoeleweka, na Dobi akaliangukia tenga kwa tumbo na blanketi zito mkononi.

Alimrudisha kutoka kwa daktari jioni, kahasiwa, kalegea, ulimi nje kidogo. Akamweka kwenye kibanda cha kufulia, nyuma ya nyumba, juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza akamtazama kwa karibu. Kwenye paji la uso alikuwa na makovu matatu ya zamani, na ukucha mmoja wa mbele ulikuwa umeng'oka. Alikuwa mwepesi kuliko anavyoonekana. Ile shingo yote ilikuwa manyoya.

"Na wewe nani alikutuma?" Dobi akamwambia. Kibarua akapepesa jicho moja.

Taulo moja la zamani akalikata vipande viwili. Kwenye pembe ya kila kimoja akashona alama ya uzi, kama anavyofanya kwa nguo za wateja zisichanganyike: uzi mwekundu wa Mkurugenzi, mweusi wa Kibarua. Kila asubuhi anasugua mashavu ya huyu, anasugua mashavu ya yule, kisha anabadilisha. Mkurugenzi alipokutana na kitambaa cha uzi mweusi mara ya kwanza, alikifokea, akakipiga kofi, akarudi kukipiga la pili. Dobi akakisogeza mbali na bakuli hatua tano. Kesho nne na nusu. Mzee akapewa kazi ya kukishika kitambaa hicho gotini, na akaishika kazi hiyo kwa makini, vidole vya kulia vimejikunja juu yake, kama mlinzi wa benki.

Siku ya sita ya vitambaa, Mkurugenzi alipanda gotini kwa mzee kikiwa palepale, akakikalia. Dobi alipumua mpaka akasikia mbavu zinafunguka.

Siku ya saba aliharibu.

Sare za wauguzi zilikuwa zimelundikana, wanazitaka mchana. Dobi alikuwa anafua haraka haraka, akili iko kwa paka, mikono inakwenda yenyewe: inachukua, inachovya, inasugua, inakamua. Mikono ikachukua kitambaa kilichokuwa kwenye msumari. Ikachovya. Ikasugua. Ilipofika kukamua, macho yakauona uzi mwekundu, na juu yake, kimeng'ang'ania kwa maji, kipande cha pili chenye uzi mweusi.

Akakaa juu ya ndoo. Povu lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye viwiko. Vipande viwili vilitakata kama vipya, havinuki kitu. Zimebaki siku saba.

"Baba," akaita. "Nimevifua."

Kutoka ndani mzee akasema, "Tena." Hakuna aliyejua kama alimaanisha umefua tena au anza tena. Dobi akachukua mkasi akakata taulo jingine.

Tangu hapo akawa anafanya mambo mawili kwa pamoja, moja la kupatanisha na moja la kukinga. La kukinga lilikuwa hili: alichukua mashati ya zamani ya mzee, ya kitambaa kigumu, akayalowesha mikono kwenye wanga mzito mara tatu badala ya moja, akayapiga pasi mpaka yakasimama yenyewe mezani. Mzee akivaa, mikono inalia kwakwakwa kama karatasi. Mtaalamu wa mazoezi alipomwona alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, unakwenda vitani?" Lakini kucha haikupita. Dobi aliijaribu kwa uma.

Siku nne za mwisho akafungua mlango wa nyuma, ule unaotoka sebuleni kwenda kwenye kibanda, akaupigilia wavu wa waya fremu nzima. Bakuli huku, bakuli kule. Siku ya kwanza mlango wa mbao aliuacha wazi upana wa kidole, chakula kikaliwa. Siku ya pili viganja viwili. Mkurugenzi alikula akiwa na mgongo uliopinda, anatafuna na kunguruma kwa wakati mmoja. Kibarua, yeye, alikula akitazama ukuta, anajifanya hamnazo. Siku ya tatu mlango wazi wote. Siku ya nne ilikuwa Jumamosi.

*

Kaka alifika saa tatu asubuhi, kikapu cha mfuniko mkononi, kamba ya kufungia begani.

"Shikamoo, Baba."

Mzee akainamisha kichwa. Mkurugenzi alikuwa kwenye mapaja yake, nusu kalala. Hatua tatu kutoka pale, nyuma ya wavu, Kibarua alikuwa anajiramba mguu.

"Na yule?"

"Yule ndiye wa nje," Dobi akasema. "Tazama. Wanaonana. Hakuna kelele."

Kaka akatazama muda mrefu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa hakuwa na pa kuuweka. Akamkunja mzee mkono wa shati, wanga ukalia, akaukagua mkono kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Kovu la zamani lilikuwa limeshakuwa jeupe. Kipya hakuna.

"Daktari wa mifugo anasema wiki tatu nyingine," Dobi akasema haraka. "Au nne. Lakini unaona mwenyewe."

"Naona."

Akamshusha mzee mkono wa shati. Akageuka kutafuta mahali pa kuweka kikapu, akakibwaga juu ya meza ya kupigia pasi, na kikapu kikaigonga pasi, pasi ikaanguka kwenye sakafu ya saruji kwa mshindo wa bunduki.

Kibarua akaruka, akagonga wavu. Mkurugenzi akaamka katikati ya hewa, akaona umbo la njano kwenye waya, mkia ukavimba, na kwa kasi ambayo jicho haliifuati akamgeukia aliye karibu. Kucha zote za mbele zikazama kwenye mkono wa kulia wa shati la mzee.

Dobi alikuwa ameshashika mto. Hakuhitaji kuutumia. Kucha zilikwama kwenye wanga, Mkurugenzi akavuta, akavuta tena, akabaki ananing'inia kama nguo kwenye kibanio, uso umejaa mshangao. Mzee akaupeleka mkono wa kushoto taratibu, akambonyeza begani. Pumzi moja. Mbili. Kucha zikaachia. Mkurugenzi akazunguka mara moja, akajilaza palepale mapajani, mgongo kwa wavu, anahema.

Kaka na dada walisema kwa wakati mmoja.

"Umeona?"

"Umeona!"

"Bado anamrukia," kaka akasema. "Siku shati likiwa kwenye kamba je? Siku umechelewa na mafurushi yako?"

"Hakuna tone la damu. Na ametulia mwenyewe. Mwezi uliopita angekuwa chini ya meza mpaka jioni."

"Unacheza na maisha ya Baba."

"Na wewe ukimchukua, Baba ataongea na nani? Na wewe? Mara moja kwa wiki mbili, shikamoo na kwaheri?"

Ilikuwa kweli, na ilikuwa kali kupita kiasi. Kaka akakishika kikapu. Akakifungua mfuniko. Akapiga hatua kuelekea kwenye kiti, Mkurugenzi akaanza kunguruma, na nyuma ya wavu Kibarua naye akainuka.

"Kaa chini," mzee akasema. "Unawatisha."

Watoto wote wawili wakaganda. Maneno matatu, yamefuatana, yamekamilika. Kwa mwaka na miezi miwili mzee hakuwa amefikisha mawili. Dobi akaziba mdomo kwa mto. Kaka, aliyekuwa hajawahi kusikia hata lile la kwanza, alikaa chini kwenye kigoda, kikapu wazi kikiwa magotini, na macho yake yakawa yanatoka kwenye matundu manane ya mkono wa shati yanakwenda kwa paka, yanatoka kwa paka yanakwenda kwenye midomo ya baba yake, yanarudi kwenye matundu.

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umeshaanza kumpapasa Mkurugenzi, polepole, wanga unalia.

Sasa ungekuwa wewe ndiye kaka huyo, uliyembeba baba yako mgongoni ukidhani umebeba maiti, na umeona kwa macho yako kucha zilipoishia, ungeinuka ukaenda zako na kikapu kitupu?